Saba Nne

Kufikia saa mbili asubuhi ya tarehe sita Julai, hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuwa amelala kitandani katika wodi kuu ya Kituo cha Uzazi cha Lihanje, nje kidogo ya mji wa Songea. Wote thelathini na mmoja walikuwa wakitembea. Walikwenda hadi dirishani, wakageuka, wakarudi hadi mlangoni, wakageuka tena, wamevaa masweta na soksi kwa baridi ya Julai, na chini ya vitenge mikanda yao ikinguruma kidogo kidogo kama friji iliyo chumba cha pili. Ukutani televisheni ilikuwa ikihesabu. Zilikuwa zimebaki saa kumi na sita kasoro dakika chache.

Sista Pelagia Ngonyani aliingia na orodha yake. Alikuwa mkunga wa miaka arobaini na saba, mfupi, mwenye sauti isiyopanda. Alikuwa amefanya kazi Lihanje miaka ishirini na hakuwahi kuona wodi isiyotulia namna ile. Mmoja akisimama, mwenzake anamuuliza amepatwa na nini. Mmoja akienda chooni, watatu wanamfuata kwa macho. Hata waliomletea mgonjwa chakula waliongea wakiwa wamesimama.

"Kesho Sabasaba!" mwanamke wa kitanda cha nne alimpigia kelele. Huyo alikuwa Skolastika Haule, mimba yake ya tatu, mcheshi wa wodi. "Sabasaba ya sabini na saba, Sista! Tukitoka hapa, watoto wetu watatutuma maji!"

Wakacheka wote, kicheko kifupi, kisha wakaendelea kutembea.

Winfrida Komba wa kitanda cha kumi na tisa hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na minne na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika tarehe nne, siku tatu kabla ya siku yenyewe, na mumewe alimkimbiza Lihanje akafungwe mkanda wa subira.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Winfrida. Umelala?"

"Nani alale hapa? Huyu mwenyewe kanyamaza toka alfajiri." Alijigusa tumbo. "Labda naye anahesabu."

Pelagia aliacha kuandika. "Kanyamaza vipi?"

"Alikuwa anapiga mateke usiku kucha. Sasa kimya. Lakini mkanda unasema mzima."

Kweli mkanda ulisema mzima. Kwenye kioo chake kidogo ilisomeka mia moja thelathini na mbili, na pembeni taa ya kijani. Mkanda wa subira haukuwa kitu cha ajabu tena. Uchungu ulipokuja kama wimbi, mkanda ulituma wimbi lake kinyume, na mawimbi mawili yakauana ndani ya misuli ya mfuko wa uzazi. Kwa sheria uliruhusiwa kumshikilia mtoto hadi siku nne. Muda wote huo ulihesabu mapigo ya moyo wake, na yakishuka chini ya mia na kumi, ulipiga kelele.

Pelagia alimlaza Winfrida kwa ubavu wa kushoto, akatoa mfukoni pembe ya mbao, kile kipaza mapigo cha zamani ambacho manesi vijana walimtania nacho. Akaweka upande mpana tumboni, sikio upande wa pili, macho kwenye mshale wa saa. Alihesabu alivyofundishwa na mkunga aliyemlea kazini, kila sekunde tano hesabu yake. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kisha, chini ya kiganja chake, tumbo likakaza kidogo sana, wimbi dogo lililoponyoka kwenye mkanda. Likalegea. Na hapo, wimbi lilipokwisha kupita, ndipo mapigo yalipoanza kushuka. Kumi. Nane. Saba. Saba. Yakakaa hapo kama mtu aliyekwama mlimani, kisha yakapanda taratibu. Tisa. Kumi na moja.

Aliinua kichwa akatazama kioo. Mia moja ishirini na saba. Taa ya kijani.

"Kuna nini?" Winfrida aliuliza.

"Ngoja nisikilize tena," alisema Pelagia, na akasikiliza mara tatu zaidi.

*

Daktari Ludovick Hyera, mkuu wa kituo, alikuwa hajaketi tangu jana yake. Simu tatu zilikuwa mezani kwake na zote zikiwaka.

"Mkanda unapiga wastani wa dakika nzima, Daktari," alisema Pelagia. "Mtoto akizama sekunde ishirini, wastani unamficha. Anazama baada ya kila wimbi. Na anachelewa kurudi."

"Umesikiliza dakika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Mkanda umesikiliza siku mbili bila kupepesa." Hakusema kwa dharau. Alijisugua macho. "Sista, nakuheshimu. Lakini unajua kanuni. Taa ikiwa ya kijani, anayeamua ni mama. Akikubali kwa mdomo wake, mfungue, sina neno. Asipokubali, usimguse. Nina thelathini na mmoja mle ndani. Ukimfungua mmoja kwa hofu ya pembe ya mbao, wote watapanda presha, na hapo ndipo nitakapopoteza watoto kweli."

"Na huyu mmoja?"

Daktari Hyera alitazama simu zake. "Kamuulize mama yake," alisema.

*

Winfrida alikataa kabla sentensi haijaisha.

Mumewe alikuwa amefika na chupa ya uji. Erasto Mbawala alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mrefu aliyezoea kusema polepole ili watoto waelewe, ila siku hiyo maneno yalikuwa yakimkimbia. Pelagia aliwachukua wote wawili hadi kwenye korido, mbali na masikio ya wodi, akawaeleza alichosikia.

"Mnaweza kusubiri akawa salama," alisema. "Sitawadanganya. Mnaweza pia kusubiri mkampata amekufa, au amepona mwili na akili imepotea. Mimi naona tusisubiri."

"Zimebaki saa kumi na nne, Sista," alisema Erasto. "Saa kumi na nne tu! Amekaa miezi tisa."

"Sikubali," Winfrida alirudia. Alikuwa akitembea hata pale koridoni, hatua tatu kwenda, tatu kurudi. "Mimi nilizaliwa tarehe kumi na tisa Machi. Haina kichwa wala miguu. Kila mahali nilipofika Mizani ilinipima ikanirudisha. Huyu arudishwe na nani? Arudishwe na mama yake?"

Mizani ilikuwa ni mashine iliyogawa watoto kwenye shule. Hakuna aliyeifundisha kupenda tarehe. Miaka mingi nyuma wazazi walianza kama mzaha kuchagua tarehe tatu Machi ya thelathini na tatu, kisha tarehe nne Aprili ya arobaini na nne. Watoto wa tarehe tano Mei ya hamsini na tano walipofika umri wa kupimwa, walikuwa mbele ya wenzao kwa kila kitu, kwa sababu walikuwa wametarajiwa, wamesomewa vitabu tumboni, wamepewa walimu waliowaangalia mara mbili. Mizani ikaona takwimu tu. Ikajifunza yenyewe kwamba tarehe nzuri huzaa mtoto mzuri, ikawapa nafasi, na waliopewa nafasi wakafanya vizuri zaidi. Sasa nani angebishana nayo? Kila mwaka ilikuwa sahihi kuliko mwaka uliopita.

"Sista," alisema Winfrida, akasimama. "Wewe si ndiye mama wa yule binti wa sita sita?"

Erasto alimshika mkono mkewe. "Win..."

"Niache niulize. Mji mzima unajua."

"Ndiye mimi," alisema Pelagia.

Binti yake, Otmara, alizaliwa tarehe sita Juni ya sitini na sita. Siku ile wodi hiyohiyo ilikuwa tupu. Wanawake walikuwa wamefunguliwa tarehe tano au wamefungwa hadi tarehe saba, kila mmoja akiikimbia ile namba ya Mnyama kama nyuki wakimbiavyo moshi. Mkunga wa zamu, rafiki yake, alimwambia: nitaandika saba, Pelagia, nani atajua? Naye alikataa. Alisema mtoto wake hataanza maisha kwa uongo. Aliona fahari kusema hivyo. Miaka kumi na moja baadaye Otmara alikuwa akisoma nyumbani jikoni, kwa sababu shule tatu zilimpokea, na katika zote tatu watoto wenzake walivuta madawati yao mbali naye. Katika ya mwisho, mwalimu ndiye aliyewasaidia kuvuta.

"Basi wewe unajua kuliko wote," alisema Winfrida. Sauti yake ilipungua. "Unajua namba inavyoweza kumfanya mtu. Halafu unaniambia nini?"

 Mlango wa wodi ulikuwa wazi na Pelagia aliwasikia wale wengine wakitembea, ndara zikiburuzwa sakafuni. Alifikiria ile saba aliyoikataa kwa Otmara, na saba ya kesho.

"Ukifunguliwa kabla ya siku," alisema hatimaye, "mkanda hauandiki tarehe. Anayeandika ni mkunga, kwa mkono, na sheria inampa saa ishirini na nne kuandika."

Erasto alimtazama. Alikuwa ameelewa kabla ya mkewe.

"Kuna chumba kile cha mwisho, nyuma ya chumba cha dobi," Pelagia aliendelea. "Kuta zake nene. Azaliwe leo, akae humo na mama yake hadi usiku. Mimi nitaandika saba."

"Unaahidi?" Winfrida aliuliza.

"Naahidi."

Hakuwaambia habari za kitanda cha pumzi kilichokuwa humo, cha watoto wanaozaliwa hawapumui. Alijua, akanyamaza. Baadaye, alipohojiwa, hilo ndilo alilokiri kwanza, kabla hajaulizwa.

*

Saa tano asubuhi Pelagia alibonyeza kidole gumba chake kwenye kufuli la mkanda, na Winfrida akabonyeza chake. Mkanda ukalegea ukaanguka kitandani.

Uchungu wa siku mbili ulikuja kwa mkupuo. Winfrida hakupata hata nafasi ya kupumua kati ya wimbi na wimbi. Alimkamata Erasto shati, likachanika begani, naye Erasto akabaki amesimama na kipande cha kola mkononi asijue akiweke wapi. Pelagia alisikiliza kwa pembe baada ya kila wimbi. Saba. Sita. Saba. Aliacha kuwaambia hesabu. Maji yalipotoka yalikuwa ya kijani kizito, mtoto alikuwa amejisaidia tumboni kwa dhiki, na hapo hata Erasto, asiyejua chochote, alijua.

"Sukuma, mwanangu. Usingoje. Sukuma!"

Alizaliwa saa kumi na dakika ishirini jioni. Msichana, mzima wa viungo, rangi ya zambarau bichi, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Hakulia.

Pelagia alimfuta, akamsugua mgongo, akamvuta uchafu kooni, akaweka kinyago kidogo usoni na kuanza kubinya mfuko wa hewa. Moja, mbili, achia. Moja, mbili, achia. Kwa vidole viwili alishika kitovu ahesabu moyo. Ulikuwapo. Ulikuwa mchovu.

Ukutani, hatua mbili kutoka alipokuwa, kilikuwa kitanda cha pumzi. Kila chumba cha kujifungulia kilikuwa nacho. Kingempa mtoto joto, kingemsafisha mapafu, kingempulizia hewa kwa kipimo ambacho mkono wa mtu haukiwezi. Ila hakikufunguka mpaka kijue mtoto ni nani. Kiliuliza swali moja, tarehe na saa ya kuzaliwa, na kilijijibu chenyewe kwa saa yake, na jibu hilo lilikwenda moja kwa moja kwenye daftari la taifa. Kazi ya mkunga ilikuwa kubonyeza neno moja: sasa.

Erasto aliona anakotazama. "Anaendelea vizuri na mkono, si ndiyo? Sista? Moyo si unapanda?"

"Unapanda kidogo."

"Basi endelea. Endelea na mkono, tafadhali. Uliahidi."

Moja, mbili, achia. Moyo ulikuwa ukipanda kweli, kwa shida, ukishuka alipobadilisha mkono. Alikuwa amewahi kuwarudisha watoto namna hii, kabla vitanda havijaja. Wengine walirudi wakawa wanafunzi, wakawa mama wa watu. Wengine walirudi nusu. Huyu angeweza kurudi mzima kwa mkono. Pengine. Akakumbuka Otmara akiwa ameegemea dirisha la jikoni, akiwatazama watoto wa jirani wakienda shule. Akajua kwamba akibonyeza, anambonyezea huyu dirisha lake. Moja, mbili, achia. Winfrida alikuwa amejiinua kwa viwiko. Hakusema andika, wala hakusema usiandike. Alimtazama tu mkunga kwa macho makubwa, kama mtu anayesomewa barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Moyo ulishuka tena.

Pelagia alibonyeza. Kifuniko kikafunguka, akamweka mtoto ndani, na kwenye kioo ikaandikwa: sita, saba, sabini na saba, saa kumi na dakika ishirini na nne jioni.

Dakika tatu zilipita. Ya nne, miguu ikageuka rangi, kisha tumbo, kisha uso ukakunjamana kwa hasira, na mtoto akalia. Alilia kwa nguvu zote alizokuwa amezikosa. Kuta zile nene hazikusaidia kitu. Walimsikia hadi getini.

Winfrida alinyoosha mkono akagusa kioo cha kitanda. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

"Uliniahidi," alisema.

"Nilikuahidi," alisema Pelagia.

*

Erasto ndiye aliyesema. Hakukusudia kumchongea mtu. Alitoka koridoni na shati lililochanika, akakutana na Daktari Hyera anayekuja mbio kwa ajili ya kile kilio, na yote yakamtoka mdomoni kwa pamoja: mtoto ni hai, ni mzuri, alikuwa wa zambarau, yule Sista ametudanganya, aliahidi kuandika saba, aliahidi! Alipofika mwisho wa maneno alikuwa akilia, na pengine hata yeye hakujua analilia lipi.

Daktari alimwita Pelagia pembeni.

"Ni kweli? Uliahidi kughushi tarehe?"

"Ni kweli."

"Na hukughushi."

"Sikughushi."

"Bora ungefanya moja, Sista. Umeahidi uongo ukaandika ukweli. Nitakuteteaje?" Alikuwa amekwisha kutoa kifaa chake mfukoni. "Umeokoa mtoto. Nitaandika hilo pia. Lakini lazima nikufute leo, kabla hawajanifuta mimi." Akafuta alama ya kidole cha Pelagia kwenye kufuli zote za kituo. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu. "Chukua vitu vyako. Nenda nyumbani. Utaitwa."

Ili kufika kwenye kabati lake ilimbidi apite wodi kuu. Jua lilikuwa linashuka na televisheni ukutani ilikuwa ikiendelea kuhesabu, saa saba na dakika kadhaa, uwanja umejaa watu, ngoma, watangazaji. Lakini ndani ya wodi hakuna aliyekuwa akitembea. Wote thelathini walikuwa wamesimama au wameketi ukingoni mwa vitanda, mikono juu ya matumbo. Walikuwa wamemsikia mtoto akilia, na walijua hesabu. Walijua leo ni sita.

Pelagia alipita katikati yao bila kuinua macho. Alipofika kitanda cha nne, Skolastika Haule alimshika gauni.

"Sista. Na wangu msikilize."

"Nimesimamishwa, mama. Sina ruhusa tena."

"Ruhusa ya nini? Sijasema unifungue. Nimesema msikilize."

Pelagia alimtazama Daktari Hyera, aliyekuwa amemfuata hadi mlangoni. Daktari hakumzuia. Pelagia akapiga magoti, akaweka pembe, akafumba macho. Mtu mmoja akazima televisheni. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Wimbi dogo likapita. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Ilikuwa rahisi kusema vinginevyo. Angeweza kumtisha, na akimtisha mmoja angewaokoa labda kumi. Alikuwa amechoka na maneno ya namna hiyo.

"Wako ni mzima," alisema. "Hana shida yoyote. Anaweza kungoja."

Skolastika aliweka mkono tumboni. Ule ucheshi wake wote ulikuwa umemwondoka usoni, na bila ucheshi alionekana mtu mzima zaidi.

"Amesikia mwenzake kazaliwa," alisema. "Anapiga mateke. Mimi nimechoka kumwambia kesho. Nifungue."

"Kidole changu hakifungui tena."

"Najua," alisema Skolastika, na akageuza uso mlangoni. "Daktari?"

 Simu ililia mfukoni mwa Daktari Hyera, akaiacha ilie hadi ikakoma. Kisha akavuka wodi, akainama kitanda cha nne, naye na Skolastika wakabonyeza vidole vyao kwenye kufuli. Mkanda ukalegea.

"Na mimi nisikilizwe," alisema mwanamke wa kitanda cha tano.

Kabla ya usiku wa manane walifunguliwa kumi na mmoja. Tisa kati yao Pelagia aliwaambia kwamba watoto wao ni wazima, na walifunguliwa hivyo hivyo. Wawili aliwaambia ukweli mwingine, na hao Daktari aliwafungua bila kumwuliza mtu dakika ngapi. Kumi na tisa waliamua kungoja, na hakuna aliyewalaumu. Kumi na wanane walipata watoto wao wa Saba Nne, kwa ngoma na kamera. Wa kumi na tisa, mkanda wake ulionyesha kijani hadi mwisho, na mtoto wake hakulia.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile, alipomaliza kusikiliza tumbo la mwisho, Pelagia alirudi chumba cha nyuma ya dobi kuchukua sweta lake. Mtoto alikuwa amelala ndani ya kioo, ngumi moja shavuni. Erasto alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, amesinzia mdomo wazi. Winfrida alikuwa macho.

Pelagia alichukua sweta.  Alikuwa amesimama tangu asubuhi, na hakukuwa na kiti.

Winfrida hakumtazama. Macho yake yalibaki kwa mtoto. Ila alijivuta taratibu, kwa maumivu, akasogea upande wa ukuta, mpaka ukingoni mwa kitanda pakabaki nafasi ya mtu mmoja kuketi.

Pelagia akaketi.